Pampu ya Pili Kabla ya Kuanua Tanga

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla mvua haijanishinda. Mimi ni mjane wa hapa Tunduma, mume wangu Nikodemo alikuwa fundi cherehani, naye alichimba chumba chini ya nyumba yetu ili ashone bila kusikia honi za malori yanayongoja mpakani, lakini kila msimu wa mvua maji yakawa yanabubujika sakafuni, basi akachimba shimo kwenye kona akaweka pampu ya umeme yenye boya, maji yakipanda boya linainuka na pampu inajiwasha, kwanza inakohoa mara mbili, kama yeye alivyokuwa akikohoa kabla ya kumwambia mteja kwamba nguo bado, na tangu afariki nimezoea kuijibu, "Pole, baba Tumpale."

Sasa mvua ikianza tu umeme unakatika, na mle chini kuna makaratasi yake ya vipimo, miaka kumi na tisa kwa mwandiko wake, moja limeandikwa "Edina, kiuno kimeongezeka, asiambiwe," na maji yameshafika rafu ya chini, kwa hiyo nikanunua pampu ya pili, ya betri, ndipo wifi yangu Gwantwa akaiona mlangoni akapiga kelele hadi majirani wakatoka: "Wifi! Hata tanga hatujaanua, umeshaingiza nyingine?" Shemeji Danford akasema pampu mbili shimo moja ni aibu kwa ukoo, na kama lazima iwepo ya pili, desturi ni itoke kwa ndugu wa marehemu, na yeye anayo moja, ila haiwaki.

Yangu nimeificha kwa jirani yangu Ruti, kila asubuhi naenda kuichaji, na jana mzee wa kanisa aliniuliza kwa upole huko naenda kumwona nani. Nateka maji kwa sufuria, mikono imevimba. Je, nikiiweka nitakuwa nimemsaliti Nikodemo?

Mama Tumpale

*

Mama Tumpale,

Pole sana kwa msiba. Lakini watu wazima mmekaa mnajadili uchumba wa mashine huku maji yanapanda rafu! Mumeo aliweka pampu kwa sababu hakutaka karatasi zilowe. Anayeziacha zilowe ndiye anayemsaliti.

Shemeji yako mwambie aje na pampu yake, aiwashe mbele ya ukoo. Isipowaka, mpe sufuria. Wifi mpe ndoo. Wakiteka nusu saa, desturi itapata ufafanuzi.

Wewe pandisha makaratasi yote leo, kabla hujamaliza kunisoma. Kisha zoa tope shimoni, maana ndilo linalokwamisha boya, na huenda ndilo linaloikohoza pampu. Kikohozi kikiisha, lia siku hiyo, ni haki yako. Boya la pampu mpya lifungwe juu kidogo ya lile la zamani, liamke pale tu la kwanza linaposhindwa. Kila bomba liwe na valvu ya kuzuia maji kurudi, na mdomo wake uelekee mtelemkoni, mbali na ukuta. Zima umeme, mwaga ndoo tatu shimoni, uone kama ya betri inaamka.

Na uache kujificha, kujificha ndiko kulikozaa maneno. Kaichukue saa sita mchana, ibebe kichwani bila kuifunika, upite mlangoni kwa wifi yako. Akikuuliza inakwenda wapi, mwambie inakwenda kazini.