Bima Inasema Jino Langu Halipo

Shangazi Joyceline, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka ufike mwisho, maana hata mimi nikisimulia haya naanza kucheka halafu shavu linanikumbusha, nanyamaza. Ni mama wa watoto wawili, nauza vitambaa vya mapazia hapa Kariakoo. Mume wangu, nitamwita Hamud, anafanya kazi ofisini Posta, na bima yetu ya familia inatoka kazini kwake. Nina dada yangu wa tumbo moja, nitamwita Azza, anauza viatu vya mtumba Mchikichini, yeye bima hana. Tumefanana mno, hata marehemu baba alikuwa akituita anakosea.

Mwaka juzi Azza aliumwa jino, uso umevimba upande mmoja, jicho halifunguki, na alikuwa ametoka kununua mzigo wa viatu kwa hiyo mfukoni hana kitu, basi nikamwonea huruma nikampa kadi yangu ya bima, nikamwambia nenda, ukiulizwa jina taja langu, funga ushungi vizuri, usiongee sana. Wakamng'oa jino, akarudi na pamba mdomoni, tukamshukuru Mungu tukasahau. Nakuapia Shangazi, tulisahau kabisa.

Wiki tatu zilizopita nikaanza kuumwa mimi. Upande uleule, jino lilelile, nadhani meno ya ukoo wetu yametoka kiwanda kimoja. Nikaenda zahanati ileile kwa sababu ndiyo inayopokea kadi yetu. Dokta ni mzee mmoja mpole, nitamwita Pantaleo. Akasoma faili langu kwenye kompyuta, akanichungulia mdomoni, akarudi kwenye kompyuta, akavua miwani akaifuta, akanichungulia tena. Akaniuliza, "Mama, hili jino namba arobaini na sita si nililing'oa mimi mwenyewe mwaka juzi?" Kwanza sikujua hata kama meno yana namba kama nyumba. Na hapo, Shangazi, badala ya kusema kweli nikajikuta nasema, "Labda limeota tena, dokta."

Wallahi sikutegemea aamini. Akasema polepole, "Miaka kumi na tisa nang'oa meno, sijawahi kuona kitu hiki," akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mwingine, wakanipiga eksirei, wakanigeuzia ile picha, nami nikaliona taya langu mwenyewe, meno yamesimama na mizizi mirefu imejikita ndani ya mfupa, chini ya lile moja kuna kidoa cheusi, wakasema ni usaha. Nikasema subhanallah, kumbe yote haya yamo humu ninamotafunia karanga na sina habari! Nikatetemeka. Wao wakadhani natetemekea muujiza. Agnesi, dada wa mapokezi, alikuwa analia.

Bima ndiyo haikustaajabu. Agnesi alipoandika kwenye kompyuta nisafishwe mzizi na jino lizibwe, ombi likarudi limekataliwa, eti jino hilo lilishalipiwa kung'olewa, halipo, na hawalipii matibabu ya jino lisilokuwepo. Dokta akanipa dawa, akasema atawaandikia bima barua na kuambatanisha picha, mimi nirudi, maana anataka na madaktari wenzake wanione.

Kwenye benchi kulikuwa na jirani yetu wa Magomeni, kwa hiyo unajua kilichofuata. Mama mkwe wangu ametangaza dua ya shukrani Ijumaa ijayo, mbuzi ameshalipiwa. Watu wanakuja dukani hawanunui hata futi moja ya pazia, wanataka nifungue mdomo tu. Hayo ningeyavumilia. Anayenimaliza ni bibi mmoja, mama yake mzee Abdulhadi wa duka la jirani. Hana jino hata moja. Wanawe walikuwa wameshamchangia meno ya bandia, wiki hii alikuwa aende kupimwa, ameghairi. Alikuja akanishika shavu kwa mkono wake ule mwembamba, akaniuliza, "Mwanangu, ulikuwa ukisoma dua gani?" Nikamwambia zilezile za siku zote, Bibi. Sasa kila asubuhi anapita dukani kunipa habari, amepapasa ufizi kwa kidole na anahisi kama kuna kitu kinasukuma kwa ndani.

Dawa zimeisha, jino linauma, na tangu jana nasikia homa. Nikisema kweli, Hamud ataharibikiwa kazini, Azza atafungwa, mama mkwe ataumbuka. Nikinyamaza, nitakufa na jino ambalo halipo. Je, niende zahanati nyingine nilipe taslimu kimyakimya, yaishe? Nifanyeje, Shangazi?

Mwenye Jino, Kariakoo

*

Mwenye Jino, marahaba. Nimecheka, nisamehe. Nikafika kwa yule bibi, nikaacha kucheka. Nikakupigia simu kabla ya kuchapisha, kwa sababu hata nikificha jina, mtaa mzima utakujua kwa jino. Ukaniambia, "Chapisha tu Shangazi, nimechoka." Haya, kaa tuongee.

Usaha chini ya jino pamoja na homa si jambo la kusubiri Ijumaa. Dawa hutuliza, lakini ugonjwa bado umo ndani ya mfupa. Nenda kesho asubuhi. Na kama leo shavu litavimba kuelekea shingoni, au ukashindwa kumeza, au mdomo ukakataa kufunguka, usinisubiri mimi wala bima wala mume, kimbia hospitali kubwa. Tumeelewana?

Unauliza kama ulipe taslimu kwingine, yaishe. Jino litatibiwa, ndiyo. Lakini faili lako litabaki na mdomo wa mtu mwingine ndani yake. Hivi, siku Azza alipoulizwa ni dawa gani inamdhuru, alijibu kuhusu mwili wa nani? Kama yeye penisilini haimfanyi kitu na wewe inakufunga pumzi, utaletwa siku moja umezimia, daktari atasoma faili, atakuchoma sindano kwa jina lako na kwa damu ya dada yako. Jino mmelionea maajabu. Hilo la dawa mngelililia msibani. Ulimwonea huruma dada yako, nakuelewa, mimi pia nina dada. Lakini kadi ya bima haiazimwi kama sufuria, mama!

Kwa hiyo utakwenda kwa yuleyule dokta Pantaleo, na utamwambia kweli. Najua unaogopa. Mimi nilikaa na barua yako siku nzima nikimstaajabia mtu huyo. Miaka kumi na tisa ya kazi, na alipolazimika kuchagua kati ya kuamini kwamba Mungu ameotesha jino na kuamini kwamba wewe ni mwongo, alichagua Mungu. Mtu aliyekupa heshima ya namna hiyo humwachi awaandikie bima barua ya kumvunjia jina. Mwombe asiipeleke. Mwombe faili litenganishwe, ya kwako yawe ya kwako, ya Azza ya Azza.

Lakini kabla ya dokta, mwambie Hamud, leo hii, baada ya chakula, kwa sababu kadi inatokana na ajira yake na hatakiwi kuzisikia habari hizi kutoka kwa bosi. Sitakudanganya kwamba hakuna adhabu. Ulichofanya kinaitwa udanganyifu. Bima wanaweza kusimamisha kadi, wanaweza kuwadai gharama ya lile jino la Azza. Andikeni barua wenyewe, mkubali, mwombe kulipa. Anayekwenda kwa miguu yake husikilizwa tofauti na anayekamatwa. Kisha uliza dirishani matibabu yako ni shilingi ngapi kabla hujapanda kwenye kiti, uliza kama wanapokea kidogokidogo, omba risiti kila mara. Watu wa Kariakoo mnabishania bei ya pazia mpaka muuzaji anatoka jasho, mkifika kwa daktari mnakuwa mabubu! Na Azza aulize hospitali ya serikali wanatoza kiasi gani, kisha atenge kidogo kila anapofungua mzigo. Kung'oa jino kwa jina lake mwenyewe kusingemshinda.

Anabaki bibi. Shangazi yako nimeshaandika safu hii miaka mingi, watu wameniletea ndoa na mirathi na wachawi, lakini ajuza anayepapasa ufizi kila asubuhi kwa imani yote ile amenitoa machozi. Huyo hutampigia simu, wala hutamtuma mtu. Nenda wewe, kaa chini kwenye mkeka wake, mshike mkono uleule aliokushikia shavu, umwambie, "Bibi, nilisema uongo." Akikununia, nuniwa. Akikusonya, sonywa. Usijitetee hata neno moja.

Kisha kesho mkodi bajaji, wewe, Azza na yeye. Mbele ya dokta Pantaleo mfungue midomo wote, wewe mwenye jino na dada yako mwenye pengo, ayaone mwenyewe asipate shaka tena. Na Bibi apimwe meno yake siku hiyohiyo.

Mama mkwe naye mwambie kweli, ila mbuzi asirudishwe. Afungwe uani, ale majani, asubiri. Shukrani itasomwa siku Bibi atakapovaa meno yake. Akae mbele ya sinia, na wewe umpakulie kwa mkono wako nyama ya kwanza, ile ya kutafuna.