Fomu ya Mjomba na Sahani ya Tatu

Bibi,

Shikamoo. Najua huwezi kuitika, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Shuleni Korogwe kila kitu ni Kiingereza, na ukikutwa unaongea lugha nyingine unafagia bwalo. Lakini haya nikiyaandika kwa Kiingereza yatatoka kama insha, nami sitaki upate insha.

Kuku wako mweusi amehamia kwa jirani na hataki kurudi. Ufunguo wa sanduku la posta, ule uliokuwa ukiufunga kwenye pindo la kanga, sasa ninao mimi. Nusu ya mtaa bado wanatumia namba yetu, kama enzi zako. Nikija likizo nawapelekea barua zao, naziacha mlangoni, naondoka haraka kabla hawajanikaribisha. Unanijua.

Sasa niseme, maana nikizunguka sana sitasema. Fomu ya Mjomba Rajabu niliijaza mimi.

Mjomba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge, akaanza kuuza mitumba kwenye minada ya Handeni. Akahitaji leseni. Fomu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, akaniletea mimi msomi wake. Kwenye anwani nikaandika sanduku lako. Hilo halikuwa na neno, kila mtu alikuwa akiliandika. Kisha wakauliza anaishi wapi. Nilimuuliza, akacheka, akasema niandike analala juu ya marobota. Bibi, niliona aibu kwa ajili yake. Mtoto wako wa kwanza, mtu mzima, halafu niandike analala juu ya marobota ya nguo? Nikaandika nyumba yako. Hata yeye sikumwambia.

Sikukumbuka kwamba halmashauri hiyo hiyo inayotoa leseni ilikuwa imekusamehe kodi ya nyumba kwa kuwa wewe ni mjane mzee, na ndani hamna mtu mzima mwingine ila mimi mwanafunzi.

Unakumbuka siku karani wa kodi alipokuja? Ilikuwa mchana, umeshapakua ugali na kisamvu. Akatuangalia, akaangalia mkeka. Akasema tuko wawili na sahani ni tatu, hiyo iliyofunikwa ni ya nani. Ukamjibu ni ya atakayekuja.

"Huyo atakayekuja ndiye ninayemtafuta, bibi."

"Basi nawa mikono ule," ukamwambia, "maana umeshakuja."

Akala. Akamaliza kabisa, akashukuru, kisha akaandika kwamba sahani zimekutwa tatu. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Mimi sikucheka. Nilisukuma sahani kando, na wewe ukadhani ni pilipili, ukaniletea maji.

Halafu ukaanza kuitwa ofisini. Mara ya tatu ulirudi na vumbi hadi magotini, ukakaa kizingitini bila kuvua kandambili. Ukasema wanataka uweke dole gumba kwenye karatasi kwamba Rajabu hana makazi kwako, ndipo msamaha urudi. Ukaniita kwa utani wetu wa bibi na mjukuu: "Mtoto nimemzaa mwenyewe, mke mwenzangu. Niseme hana kwangu?"

Nilikuwa nimesimama na ndoo. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Msamaha ukafutwa, mbuzi wako mwenye mimba akauzwa, na kwenye faili lako pakaandikwa kuwa umeficha mtu. Wewe, ambaye ukiazima chumvi unarudisha na ukili wa kusukia mkeka juu yake. Mjomba alipokuja hukumgombeza. Ulimwambia tu, "Ukitaka kukaa kwangu, si ungeniambia nikutandikie?" Akanitazama, akatazama chini, akasema, "Nisamehe, mama." Hakunitaja. Aliubeba mwenyewe mzigo wangu, nami nikamwacha aubebe.

Nikarudi shule. Nilijiambia nitakueleza likizo. Mvua zikaanza, kifua chako kikakubana, na matroni akaniita kutoka darasani. Likizo hiyo ilikuja bila wewe.

Siku ya arobaini yako yule karani alikuja. Alikaa mwisho wa jamvi, kofia mapajani. Baada ya dua nikamfuata. Sijui miguu ilitoka wapi, Bibi, mimi ambaye hata zamu ya kusoma taarifa ya habari paredi huwa naomba nibadilishiwe. Nikamwambia, mbele ya Mjomba, kwamba fomu ile niliiandika mimi, na bibi yangu hakuficha mtu.

Karani akaiweka kofia chini. Kisha akasema, "Bibi yako alijua."

Akaeleza kwamba mara ile ya tatu ulipoitwa ofisini alikuonyesha fomu ili uone ushahidi wenyewe. Hukujua kusoma, lakini ulipitisha kidole juu ya maandishi, polepole, ukatabasamu. Ukasema mwandiko huu unaufahamu, ndio unaokuandikia barua zako zote, na mwenye mwandiko huu asibughudhiwe kwa sababu yako. Ukaomba asiniambie. Mjomba akasema naye baadaye ulimwambia asinitaje. "Aseme mwenyewe atakapoweza." Ndivyo ulivyomwambia.

Kumbe ulirudi na vumbi lile huku unajua. Ukaniambia habari ya dole gumba huku unajua, ukasubiri. Na mimi nikachukua ndoo.

Sikulia pale. Nililia jikoni, nikamlilia hata yule mbuzi.

Karani aliniambia niandike maelezo kwa mkono wangu. Nimeyaandika. Ameyatia kwenye faili lako mbele ya macho yangu, na lile neno la kuficha mtu limekatwa kwa kalamu nyekundu. Haikurudishii chochote. Lakini jina lako ni safi pale.

Mjomba sasa anakaa hapa kwako, kweli kweli. Nimemtandikia chumba cha uani. Marobota yake yamejaa ukumbini, ungegomba.

Kesho narudi Korogwe. Lala salama, Bibi, na unisamehe tena, ingawa ulishamaliza. Nakuahidi neno likija tena kwenye ulimi nitaitua ndoo kwanza, nilitoe.

Jioni hii tulikuwa wawili tu, mimi na Mjomba. Nimepakua sahani tatu.

Mke mwenzako