Kadi ya Mteja Aliyefariki

Dada Nyemo,

Leo nimebandua kadi zako za maelekezo ya kompyuta kwenye meza zote za ofisi. Nilidhani mtu atanizuia. Kaka Hamisi wa dirishani aliniambia tu, "Polepole basi, usiichane," kana kwamba ile plastiki inaumia.

Ungekuwepo ungezibandua mwenyewe. Tangu ofisi ya maji iingie kwenye mfumo mpya, vitufe vimehama na hatua zimebadilika, na kadi zako zikawa zinawapoteza watu. Bado wenzetu walizishikilia. Wakizisoma, wanasema, wanakusikia. Mimi sihitaji kusoma. Nikikaa mezani kwako nasikia mkasi ukikata pembe za kadi ziwe butu, zisichome watu mikono. Nageuka. Hakuna mtu. Nageuka tena.

Kisha, wiki chache zilizopita, mama yako akaja kutoka Ihumwa. Bomba limepasuka uani, mita ina jina lako, na mafundi hawaendi mpaka jina libadilishwe. Hamisi alifuata kadi yako, akakwama, akamwambia arudi wiki inayofuata. Akarudi. Hamisi akakwama tena. Mama akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si mwanangu ndiye aliyewaandikia hayo?"



Nikamwomba asubiri kwenye benchi, nikaandika kadi mpya: Mteja Amefariki. Nikaijaribu kwa Hamisi kama ulivyonifundisha: nikae nyuma yake, nisimsaidie, nitazame kidole kinaposimama. Ulikuwa ukiniambia, "We Salome, funga mdomo. Kidole kikisimama, kosa ni letu." Alikwenda vizuri mpaka kwenye hatua ya Ondoa jina la zamani. Kwenye skrini lilikuwepo jina lako lote, mpaka la babu yako. Kidole kikasimama. Mimi nilikuwa kimya nyuma yake, na nyuma yangu, Dada, nilihisi kuna mwingine amekaa kimya.

Nilitafuta neno laini. Hamisha. Badilisha. Lakini kitufe kinasema Ondoa, nawe ulikataza kadi iseme neno ambalo skrini haina. Neno halikuwa na kosa. Kuna kitu kilitakiwa kulitangulia. Basi juu kabisa nikaandika hatua ya kwanza, ambayo haina kitufe popote: Mpe pole. Subiri ajibu.

Ungeifuta. Ungesema hiyo si kazi ya kadi. Nimeiacha.

Hamisi aliisoma, akaisoma tena, akamwita mama dirishani. "Pole, mama." Miezi yote hii, pale ofisini, hakuna aliyekuwa amemwambia. Tulikuwa tunamwonyesha foleni. Mama alishika ukingo wa dirisha. "Tumeshapoa, baba. Endelea."

Hamisi akabonyeza. Nililiona jina lako likitoka. Halikufanya sauti yoyote. Sijui nilitegemea nini.

Bomba limeshazibwa, maji yanatoka. Nilipita nyumbani kwenu Jumapili baada ya ibada, mama akanipa kiti chako nami nikashindwa kukikalia. Nitapita tena, na tena, mpaka niweze. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, Dada. Kadi zinazokuja ni zangu. Nikikosea, niache nikosee. Nitakitazama kidole mwenyewe. Usinisimamie tena.

Mdogo wako,
Salome