Diski Yenye Sauti ya Mama

Nyumbani, sebuleni,
Jumamosi, 14 Machi.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Kifua chako kimepona? Usinijibu "naendelea vizuri" kama kawaida yako, sema ukweli. Sisi hatujambo. Kidonda cha Mama cha upasuaji wa koo kilishafunga kabisa, anakula, anatembea, ila sauti ndiyo hivyo tena, haikurudi. Ana daftari lake la kuandikia na makofi yake ya kutuita, na anatutawala vilevile.

Mzigo wako ulifika: runinga, amplifaya na spika tano. Asante sana, ingawa nusura utuue sote kwa presha.

Shemeji yako alijitwika kazi ya kuunganisha. Unamjua, hakubali kuwa kuna kitu hakijui. Aling'oa kila waya nyuma ya king'amuzi, pamoja na ile diski ya kurekodia, halafu akairudisha kwenye tundu lolote lililokuwa wazi. Ndani ya diski hiyo mna mahojiano ya Mama, siku ile watu wa televisheni walipomfuata nyumbani kumuuliza habari za ukunga. Hatuna sauti yake mahali pengine popote.

Tulipowasha, kioo kikaandika: "Diski mpya. Futa yote uanze kurekodi?" Rimoti alikuwa nayo Baba. Zamani fundi wa dishi alimwambia kwamba akiona maneno asiyoyaelewa abonyeze OK, na tangu hapo Baba hubonyeza OK kwa lolote. Mama akapiga makofi kumzuia. Baba akadhani anashangiliwa. Kumpokonya baba yangu kitu mkononi sijapata kufanya tangu nizaliwe, basi nikarukia ukutani nikachomoa plagi. Kaka, hakuna aliyejua nani alitangulia, mimi au kidole chake.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Tukampigia fundi simu, akasema nafasi anayo Jumamosi. Siku zote hizo Baba hakulisogelea kochi lake. Alimwambia Mama, "Nisamehe," Mama akamwandikia, "Bado hatujui." Nilimwonea huruma, na hasira naye ninayo palepale.

Leo asubuhi fundi amekuja, akairudisha diski kwenye tundu lake la zamani. Orodha ikatokea, mahojiano yamo. Akayafungua: picha safi, sauti hakuna. Mama wa kwenye runinga anafungua mdomo, Mama wa kwenye kiti anamtazama, na wote wawili kimya. Nilishindwa kuvumilia, nikatoka hadi mlangoni.

Fundi akasema, "Tulieni. Waya wa sauti umechomekwa pa kutolea badala ya pa kuingizia." Shemeji yako akakohoa. Baba akaenda kusimama mbele ya runinga amshikie fundi tochi.

Nisalimie wifi na mapacha. Shangazi anakusalimu, anauliza utakuja lini. Mola akulinde na baridi ya huko. Lakini sikuachi bila kukumalizia.

Waya ukaingia, na sauti ya Mama ikajaa nyumba nzima, kali kama zamani: "We mzee, hebu pisha hapo, unawaziba wenye kamera!"

Baba akaruka pembeni. "Samahani, mama watoto," akasema. Miaka miwili hajafokewa. Akaketi sakafuni palepale na tochi yake inawaka, akalia.

Mimi mdogo wako, nikupendaye kwa moyo wote,
Kitindamimba