Ndiyo ni Greda, na Mimi Nilipiga Hapana

Bi. Arzula mpendwa, mshauri wetu gazetini sisi watu wa reli, nakuomba unisikilize mpaka mwisho na usinicheke kabla hujafika huko, maana jambo lenyewe nusu yake ni kicheko na nusu yake ni aibu, na hapa kambini sina wa kumwambia.

Nina miaka arobaini na sita, kwetu ni Kaunti ya Loxahee, Alabama, na huu ni mwaka wa tisa nabadilisha mataruma ya reli huku Nebraska, mgongo wangu umekuwa mgumu kuliko taruma lenyewe. Shule niliacha darasa la saba baba alipoumia kwenye kiwanda cha mbao, kwa hiyo kusoma najua, lakini nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, sentensi ikiwa ndefu nazama katikati.

Nianze na furaha, maana furaha ndiyo kubwa: tumeshinda, Bi. Arzula, tumeshinda kwa kura kumi na tisa!

Mama yangu, Bi. Verlene, anakaa mwisho wa Barabara ya Mlima Nebo, na usitafute mlima, hakuna, ni maili mbili na robo za udongo mwekundu, nyumba kumi na nne na kanisa. Mara tatu kwa wiki gari la kliniki linatakiwa limfuate akasafishwe damu kwa sababu figo zimechoka, na mvua ikinyesha dereva anasimama kule kwenye lami anapiga honi, anasema hajaruhusiwa kuingia kwenye tope, basi ndugu zangu wanambeba mama juu ya trekta, mama wa miaka sabini na moja, amevaa kofia yake ya kanisani, juu ya trekta, na mwaka juzi mara mbili trekta nalo lilikwama akakosa kusafishwa, akavimba miguu mpaka viatu vya marehemu baba vikawa vinambana.

Greda kaunti wanalo, tunaliona limeegeshwa. Lakini Katiba ya jimbo letu inakataza kaunti kutumia mali ya umma kwenye barabara isiyo yake, na yetu ilitolewa kwa mdomo tu na mwenye shamba enzi za babu, haina karatasi. Kwa hiyo ili greda liingie kwetu ilibidi Katiba ya jimbo irekebishwe, kwa ajili ya kaunti yetu peke yake, na watu wayapigie kura marekebisho hayo Novemba. Ndivyo kwetu mambo yalivyo, ukitaka kuziba shimo unaanzia kwenye Katiba.

Karatasi yangu ya kura ilinifikia kwa posta mapema Oktoba. Kwetu kura ya posta haihesabiwi mpaka mashahidi wawili watie sahihi kwenye bahasha, basi saa ya chakula cha mchana nikawaita wenzangu wa genge, Tibbs wa Arkansas na Sandoval wa New Mexico, tukakaa kando ya reli, karatasi iko gotini. Juu kulikuwa na marekebisho ya jimbo zima, ya mahakimu na sijui hazina gani ya shule, nikayapita, yetu yalikuwa chini kabisa, yameandikwa kwa herufi za sisimizi: kupendekeza marekebisho ya Katiba kuhusu Kaunti ya Loxahee, kuondoa katazo la matumizi ya mali ya umma katika matengenezo ya barabara zisizo za kaunti, isipokuwa pale ambapo... Hapo nikazama. Neno nililolishika ni katazo. Nikajisemea, hili ndilo lililompandisha mama yangu kwenye trekta, mimi katazo silitaki, silitaki leo wala kesho.

Tibbs, ambaye amesoma chuo mwaka mzima, alikuwa karibu nami kiasi cha kusikia tumbo langu likinguruma. Akaniambia, "Vipi profesa, umekwama? Lete nikusomee."

"Nani kakwama? Wewe tia sahihi hapo, soma kwako."

"Haya, bwana mkubwa. Sandoval, tia sahihi kabla msimamizi hajapuliza filimbi, profesa asije akatupa mtihani."

Nikapaka wino kiduara cha Hapana. Nilikipaka vizuri sana, Bi. Arzula, sikutoka nje ya mstari.

Bahasha ikaenda posta siku ileile, nami nikampigia Mjomba Hosea nikamwambia mjomba, tulikatae lile katazo, piga Hapana. Siku mbili baadaye dada yangu Drusilla akanipigia kwa sauti ile ambayo hata kuku wanaikimbia.

"Lonzo! Nani kamwambia mjomba apige Hapana?"

"Mimi. Si tunalikataa katazo?"

"Katazo lipo tayari, wewe kichwa cha reli! Kura ni ya kuliondoa. Ukisema Hapana unasema libaki. Unataka mama afie kwenye tope?"

Nilikuwa nimeshika sandwichi, nikaishusha. Nikasema, "Kumbe. Basi Ndiyo ni greda, Hapana ni tope."

Drusilla akacheka. "Ehee! Umesema vizuri kuliko wale wa kaunti wote. Wewe lakini hujapiga bado?"

"Bado," nikasema.

Huo ndio uongo wangu, Bi. Arzula, neno moja tu.

Sasa ungeniona wiki zile zilizofuata, mtu aliyekosea anavyopiga kampeni hapigi mwingine, kila mapumziko ya mchana niko kwenye simu, nimehesabu simu mia moja na kumi na mbili, nilimpigia kinyozi, nikampigia mwalimu wangu wa Shule ya Jumapili, nikampigia hata yule mwanamke tuliyeachana vibaya akanisikiliza kwa sababu mama yake naye anasafishwa damu. Wengine walinitania, binamu yangu Purvis akasema, "Nyie wa Nebraska mnajua nini habari za tope letu?" nikamwambia, "Tope lenyewe lilimeza kiatu changu siku ya ubatizo, nikabatizwa mguu mmoja, usiniambie mimi habari za tope." Maneno yangu yakaenda mbele yangu, kanisa likayaandika kwenye mbao likazipigilia kwenye miti yote mpaka kwenye lami, NDIYO NI GREDA, HAPANA NI TOPE, na watu wa upande wa pili wa kaunti ambao hawajui hata Mlima Nebo uko wapi wakawa wanayasema dukani.

Siku ya kuhesabu Drusilla alinipigia, nasikia kanisa zima linaimba nyuma yake, kura elfu mbili mia moja na kumi na nne dhidi ya elfu mbili tisini na tano. Mama akachukua simu akasema, "Mwanangu, umelima barabara kwa mdomo." Nililia mbele ya genge zima, Tibbs akaninyanyua kama mtoto, pamoja na mgongo wangu huu.

Januari greda likaingia. Drusilla alinishikia simu dirishani nisikie linavyounguruma. Likafuata lori la changarawe, na Februari mvua ikanyesha siku nne mfululizo na gari la kliniki likafika mpaka kwenye ngazi za nyumba ya mama, dereva akashuka akamfungulia mlango, na mama akamwambia, "Subiri kidogo kijana, nirekebishe kofia."

Hapo ningeishia ningekuwa mtu mwenye raha kuliko wote Nebraska. Lakini matokeo yalibandikwa mlangoni pa mahakama ya kaunti, kituo kwa kituo. Kituo chetu, waliokwenda wenyewe wote Ndiyo, hakuna aliyepotea. Waliopiga kwa posta tulikuwa saba: Ndiyo sita, Hapana moja.

Watu wakaanza kuhesabu vidole. Wote waliopiga kwa posta wanajulikana, na lawama zikamwangukia Mzee Enoch Gaddis, nyumba ya tatu kutoka kwa mama, mzee wa miaka themanini na tatu, miguu haimbebi, ndiyo maana alipiga kwa posta. Ni mkali, ni kweli, aliwahi kumfukuza shemasi kwa fagio. Alisimama kanisani akasema, "Nilipiga Ndiyo, na Mungu wangu anajua," watu wakaguna. Sasa hakuna anayempa lifti kwenda mjini, na sahani ya chakula aliyokuwa akipelekewa Jumapili imekoma. Nilimuuliza Drusilla kwa nini, akasema, "Yule? Mzee ana roho ya kutu. Ale tope lake." Hata mama yangu anapita mlangoni kwake kwenye hiyo changarawe mpya bila kumpungia mkono.

Na mimi Jumapili ya baada ya Pasaka wamenitaka nirudi nyumbani nikate utepe, kanisa linaibariki barabara na jina langu limeshaandikwa kwenye kitambaa. Nauliza, Bi. Arzula, kura si siri? Sheria si inanipa haki ya kunyamaza? Nikisema, mama atavunjika moyo siku ya ushindi wake, na watu watajua kuwa mwenye maneno yale hakuweza kusoma karatasi ya kura. Nisiposema, Mzee Enoch anakaa peke yake kwa kosa langu. Nifanyeje?

Mshindi Mwenye Aibu, kambi ya reli, Nebraska

*

Mshindi,

Kwanza pokea pongezi zangu, na ni pongezi za kweli. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nimeimaliza nikiwa nimekaa, na nilipofika kwenye kofia ya mama yako nilipiga makofi peke yangu jikoni. Mtu mmoja mwenye simu na mgongo mbovu amesogeza Katiba ya jimbo akiwa Nebraska. Asikudharau mtu, na wewe usijidharau. Ungepiga sawa mngeshinda kwa ishirini na moja badala ya kumi na tisa. Ndiyo hasara yote uliyoitia barabara hiyo.

Kwa kukosea huna hatia. Nimefundisha shule miaka thelathini na mbili na sentensi ile ningeirudia mara tatu, tena nimevaa miwani. Aliyeandika "kuondoa katazo, isipokuwa" hakuwa akimfikiria mtu mwenye karatasi gotini na filimbi mgongoni. Usinililie tena juu ya kidoa cha wino.

Sasa geuka huku nikuseme. Ulikuwa na rafiki aliyesema "lete nikusomee" ukamfanyia jeuri. Jeuri hiyo ndiyo iliyopiga Hapana, si ujinga. Halafu ukamwambia dada yako "bado", neno dogo, na hilo neno dogo sasa linakula chakula cha Jumapili cha mzee wa watu. Unaniuliza kama kura ni siri! Ni siri, bwana, na niko tayari kuipigania. Siri ya kura iliwekwa ili mwenye nguvu asikuguse kwa ulivyoamua. Haikuwekwa ili ujibanze nyuma ya kikongwe asiyeweza kutembea, wewe ukate utepe na yeye achunguliwe dirishani kama mwizi. Sheria haitakulazimisha kusema, hiyo ni kweli. Lakini hukuniandikia mimi kuuliza habari za sheria, maana ungekuwa na raha na sheria ungekuwa umelala salama.

Unamwogopea mama yako? Mwanamke aliyekwenda hospitali juu ya trekta na kofia yake kichwani hatavunjwa na kidoa cha wino. Kitakachomvunja ni kugundua, siku moja, kwamba alimnyima jirani salamu kwa sababu mwanawe alinyamaza. Mtue mzigo huo mapema.

Fanya hivi. Mzee Enoch kwanza, kabla ya dada, kabla ya mama, kabla ya mchungaji. Usimwambie "samahani kama umeumia." Sema, "Ile Hapana ni yangu, na nilinyamaza." Akikutukana, pokea, mzee wa fagio ana haki yake. Ukimaliza, mpigie mama, halafu Drusilla, na Drusilla mwambie yeye mwenyewe apeleke sahani, aifunike vizuri na imfikie ingali moto.

Jumapili hiyo nenda nyumbani, usikwepe. Wameona kazi yako na kazi yako ni ya kweli. Ila utepe muulize Mzee Enoch kama atakubali mkaukate pamoja, naye akikataa, simama peke yako na uyaseme yote mbele ya watu, pamoja na hilo la kusoma. Nakuhakikishia humo kanisani wapo wengine watatu au wanne waliopaka wino mahali wasipopajua kwenye yale ya mahakimu, na hawajamwambia mtu. Wakikusikia wewe, shujaa wao, mwaka ujao watauliza. Na sheria inamruhusu asiyeweza kusoma karatasi ya kura kumchagua mtu wa kumsaidia. Waambie hivyo kwa sauti.

Na wewe, marekebisho mengine yatakuja, kwenu huwa hayaishi. Karatasi ikifika, mpe Tibbs, msikilize, umuulize tena, ndipo ushike kalamu. Kule unakolala mtafute mwalimu wa watu wazima, mara moja kwa wiki tu. Mtu aliyepiga simu mia moja na kumi na mbili hashindwi na aya moja.

Najua gazeti hili mnalisoma saa ya chakula. Mapumziko yenu ni dakika thelathini, na kusema "ni mimi" hakuchukui hata moja. Mzee ana miaka themanini na tatu na yuko nyumbani, maana hakuna aliyempa lifti. Weka gazeti chini, umpigie.

Bi. Arzula