Tanga la Bibi mlangoni mwa maduka

Jumatano. Mvua imepiga alfajiri ikaacha joto la kunata, na mimi nimeamka na hasira zilezile nilizolala nazo.

Bibi yangu mzaa baba, Bi Mwanahawa, tumemzika jana baada ya adhuhuri. Leo tulitakiwa tukae tanga kama watu: turubai barabarani, wanaume kwenye viti, wanawake mkekani, masufuria ya pilau uani, mpaka siku ya tatu tusome hitima, watu waagane.

Ua hatuna.

Nyumba ya Bibi ilikuwa hapahapa Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani. Baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Sasa ni ghorofa. Baba zangu wadogo waliingia ubia na tajiri mmoja, kama wanavyofanya wenye viwanja wengi hapa. Sisi tukatoa kiwanja, yeye akatoa saruji na nondo. Yeye akabaki na fremu zote za maduka chini, sisi tukapewa flati ghorofa ya nane. Walipokuwa wakijadiliana, baba zangu wadogo waligombana mpaka wakanuniana, nani apate chumba chenye dirisha la mbele. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, mama yetu akifa watu watakaa wapi? Familia ya watu wa pwani, watu wanaozikana tangu wamezaliwa, wakausahau msiba. Mpaka leo siamini.

Jana jeneza lilikataa kuingia kwenye lifti. Vijana wakataka kulisimamisha wima. Baba akasema mama yake si kabati. Basi wakamshusha kwa ngazi, kila kona wakilibana ukutani, na mwenye stoo ya mabegi ghorofa ya pili akatuomba tuangalie tusimkwaruzie mzigo. Alisema pole kwanza, simnyimi haki yake.

Leo asubuhi msimamizi wa jengo akatuletea jibu la ombi letu. Turubai haliwezekani, litaziba maduka. Huyo msimamizi ni mweusi kama mimi, amesoma na kaka yangu, na alinitazama usoni wakati akiyasema hayo. Nikamkumbusha kwamba duka la simu lilipofunguliwa, spika zilifungwa mlangoni hapo siku mbili nzima, mshereheshaji anapiga kelele hadi vioo vinatetemeka. Nikamkumbusha na sikukuu ya taa ya Wahindu, tajiri alipopanga meza za peremende njia nzima na fataki zikapigwa. Tulikula zile peremende. Hakuna aliyesema zinaziba chochote.

Akaniambia nisilete mambo ya ubaguzi kwenye msiba.

Nilitamani kumpiga kibao.

Kisha umeme ukakatika. Jenereta la jengo linawasha maduka, lifti haliwashi. Mabibi waliotoka Buguruni na Temeke kuja kumlilia mwenzao wakasimama chini wakiitazama ngazi. Magoti yao nayajua mimi, ghorofa nane hawaziwezi. Wakatandika mkeka pembeni mwa mlango, wakaketi, wakaanza kusoma.

Mlinzi akaja. "Mama zangu, poleni sana, ila bosi kasema hapa pasizibwe." Wakasogea. Akarudi, wakasogea tena. Walisogezwa hivyo mpaka mkeka ukafika juu ya mifuniko ya mtaro, kwenye harufu, na kanga zao zikiwa zimeloa maji ya mvua. Watu wazima wale, waliomuogesha baba yangu siku aliyozaliwa.

Nikamvaa yule mlinzi. Nikamuuliza, "Mama yako wewe akifa utamweka wapi?"

"Mama yangu yuko Singida, dada," akanijibu taratibu. "Ana uwanja."

Kijana wa watu analipwa kiduchu kusimama pale, na bado ana mahali pa kumlilia mama yake. Sisi wenye mji hatuna.

Ilipokaribia saa nne ikasimama bajaji. Akashuka Bi Savita, sari nyeupe, ndivyo wavaavyo Wahindu wakienda msibani. Anakaa Mchafukoge. Zamani duka la vitambaa la marehemu mumewe lilitazamana na baraza yetu, na yeye na Bibi walikuwa mashoga tangu wote ni mabibi harusi. Mwanawe alikulia uani kwetu akila vitumbua vya Bibi.

Mwanawe huyo ndiye tajiri. Kiwanja chetu alikijua vizuri, alikichezea chote.

Bi Savita hakuuliza kitu. Alivua ndala, akaketi mkekani katikati ya wenzake, akalia. Alilia kweli, kamasi na machozi, na mimi niliyekuwa nikitafuta unafiki usoni mwake sikuuona.

Mlinzi akaganda. Msimamizi akashuka mbiombio, akamwamkia shikamoo kwa adabu ambayo sikujua anayo, akamletea kiti. Akakikataa. Basi yule msimamizi akapanda zake juu, na kuanzia hapo mkeka wetu haukuguswa. Mabibi wakaelewa bila kuambiana. Wakauvuta mkeka taratibu, kidogo hapa, kidogo pale, mpaka wakatoka mtaroni wakarudi mlangoni. Wateja wakawa wanapita pembeni na kusema poleni. Mlango haukuzibika wala duka halikukosa mtu.

Saa saba Bi Savita akaaga, akapanda bajaji. Haijakata kona, mlinzi huyu hapa. "Mama zangu, poleni sana..."

Najua wapo watakaoniandikia hapa chini kwamba namchukia Mhindi. Andikeni. Bi Savita amezaliwa Dar kama nilivyozaliwa mimi, hilo silibishi. Na ninakiri, nilipomwona analia nilimchukia zaidi. Nilichukia kwamba bibi yangu, aliyezaa watoto saba juu ya ardhi ile, hana haki ya kuliliwa pale mpaka aketi mtu ambaye rangi yake na mwanawe vinaogopwa. Sisi machozi yetu yanaziba maduka. Ya kwake yanaletewa kiti.

Jioni ukoo ukakutana. Nilidhani wanaume watapanga kwenda kwa tajiri kumwambia ukweli. Wapi! Baba mdogo Shabani akashusha pumzi, akasema njia rahisi ni kumwomba yule mama aje tena kesho, siku ya hitima, akae mpaka tumalize. Wote wakaitikia vizuri sana. Wakanituma mimi, eti mimi ndiye mwenye maneno.

Nikaenda Mchafukoge. Flati yake iko ghorofa ya kwanza, inanukia ubani karibu sawa na wetu. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," akanikalisha karibu yake. Nikauwasilisha ujumbe kama nilivyotumwa.

Akaniwekea kikombe cha chai.

"Nilikuja kumlilia Mwanahawa," akasema. "Sikuja pale kuwalindia mkeka."

"Basi mwambie mwanao," nikasema. Nilisema kwa ukali, mbele ya mtu mzima, nyumbani kwake.

"Nimemwambia leo mchana. Kaniambia mambo ya jengo nimwachie yeye." Akajifuta macho kwa ncha ya sari. "Kesho nitakuja. Lakini nikiinuka, mwanangu, mtafanya nini?"

Niliondoka bila kunywa chai. Njia nzima namtukana kimoyomoyo, na hata sasa ninapoandika bado nimemkasirikia, kwa sababu hilo ni swali ambalo baba zangu wadogo walipaswa kuulizana kabla ya kutia saini, na mimi kabla ya kukubali kutumwa.

Nimempigia Baba mdogo Shabani simu. Nimemwambia wasimtegemee yule mama. Kaniambia nitawaharibia, tajiri anaweza kutukasirikia, na flati zenyewe hati bado iko kwake. Nimekata simu.

Kesho mkeka utatandikwa mlangoni kabla maduka hayajafunguliwa, na nitakaa mbele, mimi na Mama na yeyote atakayethubutu. Mlinzi akija nitamwambia akamwite aliyemtuma. Waje wanibebe wakitaka, naogopa lakini sisogei. Na Bi Savita akifika tutampisha aketi, amlilie shoga yake mpaka aridhike. Kisha akichoka, ainuke tu aende zake nyumbani.