Majani Niliyong'oa Mambrui

Baba Muhonja, mulembe. Tuko wazima wote, na nyumba ya mtoto wetu bado imesimama. Nimeanza na hilo usije ukashtuka ukisoma yanayofuata.

Unajua mimi siwezi kukaa bure. Wiki ya kwanza nilichukua jembe nikapalilia kilima cha mchanga kilicho kati ya nyumba na bahari. Kilijaa majani yanayotambaa, nikasema wakwe watatuonaje. Bi Khadija, mama mkwe wa Muhonja, alirudi kutoka sokoni, akatazama, akasema polepole, "Mama Muhonja, hayo ndiyo yanayoshika mchanga." Nilitamani ardhi inimeze.

Jumanne dhoruba ikaja. Mawimbi yalikila kilima kutwa nzima, na pale nilipopalilia yalikaribia kukitoboa. Nililia, nikidhani mchanga umepotea kama udongo wa kwetu Iguhu unavyoendanga na mvua. Bi Khadija akanishika mkono. "Haujaenda mbali. Umelala hapo majini, unavunja mawimbi. Bahari ikitulia itaurudisha."

Leo nimeuona ukirudi. Ufuo umeinuka, upepo unausukuma mchanga juu, na majani yaliyobaki yanaudaka. Nimepanda vipande vyake pale nilipoharibu, kisha tukala samaki wa kupaka huku wakinicheka mimi.

Sasa yale majani ya kando ya mto huko nyumbani uliyonikataza nisiyalime, yaache. Ulisema kweli. Kadi hii uitunze vizuri, maana kwa mdomo sitarudia.

Nakukumbuka sana,
Mama Muhonja